Tenda

Monaghan, Ireland. Saa kumi na moja, nje bado giza.
Vytenis anavaa glavu ya chuma mkono wa kushoto,
kofia ya wavu, buti nyeupe zisizowahi kukauka,
na Fintan, foromani, anabonyeza dole gumba
juu ya sarara ya ng'ombe.
"Tenda," anasema. Kisha tena, taratibu,
kama anayemfundisha mtoto jina la mbwa:
"Tenda."

Sikio letu lingedhani kaamrishwa:
haya, tenda, bwana, saa zinakwenda!
Vytenis, mzaliwa wa Šiauliai, hana mzaha huo.
Alisikia sauti tu, akaiandika kiganjani
kwa kalamu ya kutia alama katoni,
na pembeni, kwa Kilithuania chake:
nyama isiyobishana na meno.

Wiki nzima alitembea nalo kama kiatu kipya.
Mkate wa dukani: tenda.
Barabara iliyotiwa lami juzi: tenda.
Kijana wa mashine ya kufungia
alicheka mpaka akakaa chini.
"Barabara? Unataka kuila?"

Basi, kumbe si kila kilicho laini.
Mto wa kulalia ni laini, sabuni ni laini,
maneno ya wakala wa nyumba ni laini mno,
na hakuna hata kimoja humo kilicho tenda.

Mwezi wa Machi aliteleza kwenye maji ya sakafu,
ubavu ukapiga ukingo wa meza ya kukatia.
Daktari Gormley, mama wa vidole baridi,
akampapasa chini ya chuchu, akauliza:
hapa je, ni tenda?
Akasita. Akaikumbuka ile sarara.
Akajibu kwa heshima zote:
"Sijui, daktari. Haijapikwa."

Daktari hakucheka. Alibonyeza tena, kidole kimoja,
na Vytenis akaruka kitandani kama samaki.
"Hapo," akasema, akaandika. "Hapo ni tenda."

Usiku alimuuliza Ugnė, binti yake wa miaka tisa,
aliyekuwa akipaka rangi ramani ya mito.
Inawezekanaje, neno moja,
kwa kilichokubali jino
na kwa kisichostahimili kidole?
Mtoto hakuinua kichwa.
"Ni kitu ambacho ukikigusa, kinajua."
"Nyama haijui," alisema baba.
"Basi nyama imeazima tu. Nipe bluu."

Daiva alirudi alfajiri kutoka nyumba ya wazee,
akaketi na koti lake mwilini, hajawasha taa.
Bibi Treanor wa chumba cha sita, alisema,
yule ambaye ngozi yake ni karatasi ya kitunguu,
leo nilipomwosha mgongo alinishika shavu
kwa mkono uliojaa povu,
akaniita tenda.

Vytenis alisimama upesi, barafu ya ubavuni ikaanguka.
"Unaumwa wapi?"
"Siumwi."
"Shavu? Alikupiga?"
"Siumwi popote, Vyteni," alisema Daiva,
na hapo ndipo alipoanza kulia,
na yeye akabaki amesimama na glasi ya maji,
hajui ni maana ipi kati ya zile tatu
iliyoingia jikoni mwake.

Jumatatu alirudi kazini. Kiganja kilikuwa kitupu;
wino ulishatoka kwa sabuni ya hospitali.
Fintan alimtazama anavyoinama, nusu nusu,
mkono mmoja ubavuni.
"Bado tenda?"
"Bado. Kidogo."

Fintan hakusema pole, hakusema kitu.
Alibeba katoni za Vytenis, kumi na nne,
kilo ishirini kila moja, akazipanga ukutani,
akajifuta mikono kwenye aproni,
akaenda zake.